Ndala Iliyolinda Kahawa

Redio iliyonifundisha umeme ilikuwa maiti. Mwalimu wetu wa fizikia aliileta darasani kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani, akaanza kuifungua mgongo kwa bisibisi mbele ya kidato cha nne kizima. Mimi nilikuwa dawati la mbele kabisa, kwa adhabu wala si kwa akili, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, tusimame tumkumbuke marehemu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, na hapo akaniharibia mpango, maana nilitaka anitoe nje nikaote jua. Milimani kwetu Mbozi, mwezi wa tano asubuhi, baridi inaingia darasani bila hodi na inakaa mpaka kengele ya uji.

Akachomoa kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akakishika kwa kucha, akakiinua juu.

"Hii ni transista. Nani ameshafika mpakani Tunduma?"

Wote tukanyoosha mikono, mpaka waongo.

"Mmeona malori yanavyopanga foleni. Sasa fikirini barabara imewekewa kizuizi, gogo limelazwa, na pembeni kuna mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki ameshika kamba. Lori lina tani na tani. Mzee mwenyewe mwembamba, upepo ukija anashikilia kofia. Lakini akivuta kamba kidogo tu, gogo linanyanyuka, lori linapita. Akiachia, lori linasimama. Sawa?"

"Sawa."

"Mguu huu wa katikati ndiyo kamba. Umeme kiduchu ukiingia hapa, umeme mkubwa unapita kutoka mguu huu kwenda ule. Ule kiduchu ukikatika, mkubwa nao unasimama. Hiyo ni swichi. Swichi isiyobonyezwa na kidole."

"Inabonyezwa na nini sasa?"

"Na umeme wenyewe. Njoo hapa wewe mwenye mdomo."

Nikaenda. Mezani alikuwa ameunganisha betri mbili, ile transista, na kitaa kidogo chekundu kama kile cha kwenye chaja ya simu. Nyaya mbili zilikuwa zimeachwa wazi, hazigusani. Kitaa kilikuwa kimezima.

"Lamba kidole. Gusa nyaya zote mbili kwa pamoja."

Nikalamba, nikagusa. Kitaa kikawaka. Nikatoa kidole, kikazima. Nikagusa, kikawaka! Darasa zima lilikuwa linapiga kelele "tena, tena," na mimi nimesahau kabisa kwamba kazi yangu pale shuleni ni kuchekesha watu. Mate yangu! Mate ya uji wa asubuhi, yanavuta kamba, lori linapita!

"Mwalimu," nikasema, "kwa hiyo chochote chenye majimaji kinaweza kuiwasha?"

"Jaribu uone."

Siku ile nililamba vidole mpaka ulimi ukawa na ladha ya bati. Na nilipokuwa narudi nyumbani, katikati ya mashamba ya kahawa, nikasimama ghafla njiani, rafiki yangu aliyekuwa nyuma akanigonga. Kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye mlinzi wa kahawa pale nyumbani. Asiyejua kahawa anadhani kazi yake ni kuvuna. Thubutu! Ukishavuna unamenya, unaosha, halafu unaanika juu ya vichanja, vile vitanda virefu vya miti na wavu vilivyopangwa uani kama wodi ya hospitali. Hapo inakaa siku na siku inakauka taratibu, na mgonjwa wako hatakiwi kulowana. Mvua ikiinyeshea ikishaanza kukauka, inabadilika rangi, inanuka, na kule inakopelekwa wanaipanga daraja la mwisho. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa pembeni anatazama mbingu, na wingu likianza kujifanya, anavuta nailoni anafunika. Mwaka ule mvua za masika ziligoma kuondoka. Zilikuwa kama mgeni aliyeaga na bado amesimama mlangoni anaongea.

Basi bibi alikuwa anakaa. Asubuhi mpaka jioni, kwenye kigoda, na fimbo ya kufukuzia kuku. Msimu baada ya msimu. Watu wanaenda harusini, yeye yupo kwenye kahawa.

Wiki ile sasa kulikuwa na jambo. Jumamosi, kanisani Tunduma, waimbaji wa zamani wa kwaya ya akina mama walikuwa wamealikana waimbe tena pamoja, na wa ng'ambo, upande wa Zambia, walikuwa wanavuka kuja. Mmoja wa hao wa ng'ambo ni dada yake bibi wa tumbo moja. Aliolewa huko zamani. Wakiwa wasichana waliimba pamoja, bibi sauti ya kwanza, dada yake sauti ya pili, na inasemekana walikuwa wanaringa sana. Hawajaimba pamoja tangu bibi akabidhiwe kigoda.

Na Jumamosi hiyohiyo ilikuwa zamu yetu. Akina mama wa kwetu wana utaratibu wa kuvuniana: leo wote kwa fulani, kesho wote kwa mwingine, na zamu haihamishwi, maana kahawa ikishaiva haisubiri mtu. Wakija kwenu, watu wote wa kwenu lazima wawe shambani. Ukibaki uani umekaa wakati wageni wanakuvunia, utasemwa mpaka wajukuu zako wasemwe. Baba alikuwa Tunduma kwenye vibarua vya kushusha mizigo. Kwa hiyo mama shambani, baba mdogo shambani, mimi shambani, na mdogo wangu bado hana nguvu za kuvuta nailoni. Na uani nani?

"Mimi," bibi alisema, bila hata kuulizwa. "Watakaokwenda wamsalimie dada yangu."

Aliisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Halafu akawafukuza kuku ambao hawakuwepo.

Jioni ile nikatangaza pale jikoni, huku nimeshika kijiko kama kipaza sauti: "Bibi ataenda Tunduma. Kahawa italindwa na mashine. Nitaitengeneza mimi."

Baba mdogo alikuwa anakula kande. Huyu ni mdogo wake baba, anaishi kwetu, na hajawahi kukubali kitu chochote kabla hajakicheka kwanza.

"Injinia," akasema, "juzi umeshindwa kufunga mlango wa banda la kuku."

"Mlango una kasoro."

"Kasoro unayo wewe. Mama, usimsikilize huyu. Tukirudi tutakuta kahawa inaogelea na mashine yake imelala."

Bibi alinitazama. "Mashine hiyo inanusa mvua?"

"Inailamba, bibi."

"Haya. Ikiniita mvua ikija, mimi nikiwa hapahapa nashuhudia, nitaenda. Isiponiita, unyamaze."

Mimi kunyamaza! Mnaona uzito wa lile jambo.

Mwalimu alinipa transista kutoka kwenye marehemu, na waya. Sauti niliipata kwa mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na gari la polisi la kuchezea ambalo baba alimletea kutoka Tunduma. Magurudumu yalishakufa lakini king'ora chake kilikuwa kinalia kiasi cha kuamsha kata nzima. Tulijadiliana kama watu wazima.

"Nikupe gari langu ulivunje?"

"Nalifanyia upasuaji tu."

"Mimi nitakuwa nani?"

"Kamanda wa king'ora."

Akakubali, kwa sharti kwamba nimpigie saluti kila asubuhi. Nikapiga.

Ulimi wa mashine, yaani sehemu ya kulambia mvua, niliutengeneza kwa ndala ya zamani ya bibi. Nilikata kipande cha soli, nikazungushia nyaya mbili za shaba zikaenda sambamba kama reli, karibu karibu, lakini hazigusani. Tone likitua juu yake linaziunganisha, umeme kiduchu unapita, unavuta kamba ya transista, umeme mkubwa wa betri unakimbilia king'ora. Nikaifunga ndala juu ya mti wa kichanja cha kwanza, betri na king'ora vikawa chini ya upenu wa jiko.

Nikawaita wote. Nikaitemea ndala mate.

Wiuu-wiuu-wiuu-wiuu! Kuku wakatawanyika, mbwa akaingia jikoni, mama akaita jina la Bwana. Bibi akaziba masikio huku anacheka mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nacheza uani peke yangu. Hata baba mdogo alisimama kidogo mdomo wazi, kisha akakumbuka kazi yake.

"Kwa hiyo mvua ya kwenu ni mate?"

Mvua yenyewe ilikuja kesho yake mchana, nikiwa nimeshatoka shule. Ilianza na manyunyu membamba, yale ya kujipaka tu usoni. Bibi alikuwa kwenye kigoda, hakusimama. Alikuwa ananipa nafasi. Mimi nimekodolea macho ndala. Matone yakatua juu yake, nikayaona kwa macho yangu, moja, jingine, yakaungana, yakalala kwenye zile nyaya mbili kama mto uliofunika daraja.

Kimya.

"Ita," nikaiambia. "Ita basi!"

Kimya. King'ora kilitoa kasauti kama mbu mwenye mafua, kikaacha. Bibi akasimama taratibu, akavuta nailoni akafunika kahawa yake, kichanja kimoja baada ya kingine, na mimi nikamsaidia nikiwa sina utani hata mmoja mfukoni. Baba mdogo alikuwa mlangoni.

"Labda mvua ya leo haina mate," akasema.

Wala sikulia. Nilienda jikoni nikakasirikia sufuria. Mle kulikuwa na maji ya maharage mama aliyoyamwaga pembeni, yana chumvi, na kwa hasira nikachukua matone nikaenda kuyadondosha kwenye ndala baada ya kuifuta. Wiuu! Ikalia vizuri kabisa. Nikaifuta tena, nikajaribu maji ya mtoni kwenye ndoo: ikalia kinyonge. Nikakinga maji ya mvua yaliyokuwa yanachuruzika kwenye bati, nikayaweka: mbu mwenye mafua.

Nikasimama pale na vikombe vyangu vitatu. Kumbe maji na maji si ndugu! Mate yana chumvi yake, maharage yana chumvi yake, ila mvua imeshuka kutoka juu haina kitu, maji matupu, na umeme hauna pa kukanyaga. Ile kamba ilikuwa inavutwa na kidole kisicho na nguvu.

Basi si nitie chumvi?

Jikoni kwetu kuna chumvi ya Ivuna. Wafugaji wa kule bondeni Momba wanaipandisha kwenye mnada, ya mabonge, rangi ya udongo, ng'ombe wanailamba na watu wanaipikia. Nikaisaga, nikaloweka kitambaa ndani yake, nikakianika juu ya jiko kikakauka, kisha nikakilaza juu ya nyaya za ndala. Sasa tone la mvua likianguka linakuta chumvi imeshatandikwa. Nikajaribu maji ya bati. Wiuu-wiuu! Nilikimbia kumwita bibi, nikatonesha tone moja mbele ya macho yake kwa kijiti cha kiberiti. Ikalia.

"Hii ni mvua kweli?" akauliza.

"Ya kwenye bati, bibi. Mvua ya mchana iliyopumzika."

Akatabasamu. Usiku huo nilimsikia chumbani kwake anaimba kwa sauti ya chini, sauti ya kwanza, anaacha nafasi, anaendelea. Ile nafasi ilikuwa ya dada yake.

Nikaiacha mashine imewashwa ilinde mpaka asubuhi, kwa sifa tu.

Alfajiri, kabla jogoo hajakohoa: WIUU-WIUU-WIUU-WIUU!

Sasa hapa nataka mwelewe mikono ya watu wa kahawa. Mikono hii haisubiri kichwa. Ikisikia "mvua," inakimbia. Baba mdogo alitoka na blanketi na kiatu kimoja cha mvua, mguu mwingine peku. Mama alitoka na kitenge kimegeuzwa nje ndani. Mimi nilitoka kupitia dirishani, sijui kwa nini, mlango ulikuwepo. Giza bado, ukungu umetanda mpaka huoni mwisho wa mkono wako, na kila mtu akashika nailoni upande wake akavuta kwa nguvu zake zote!

Tukavuta, tukavuta, tukamaliza vichanja vyote, tukasimama tunahema.

Bibi alitoka wa mwisho, na taa ya chemli. Akamulika kichanja cha kwanza. Akamulika cha pili.

"Mmefanya nini?"

"Tumefunika," baba mdogo akasema.

"Jana jioni nani alifunika?"

Bibi ndiye alifunika, kama kila jioni. Kwa hiyo sisi tulikuwa tumekurupuka usingizini tukafunua kahawa yote iliyofunikwa vizuri, tukaianika kwenye ukungu. Mvua hata tone hakuna. Na king'ora bado kinalia wiuu-wiuu, na kamanda wake amesimama mlangoni na kaptula ya kulalia amepiga saluti.

Mimi nilianza kucheka. Najua haikuwa saa ya kucheka, lakini kile kiatu kimoja! Mama naye akacheka. Baba mdogo hakucheka.

"Imeisha," akasema. "Mama atabaki nyumbani, Tunduma haendi. Hii takataka niikute imeng'olewa."

Nikamtazama bibi. Alikuwa anarudisha nailoni polepole, anaikunjua kingo kwa kiganja. "Ukungu mzito leo," akasema tu, na kile kicheko changu kikaisha chenyewe.

Asubuhi ile nikiwa nawasha moto, nikamwona mama anasogeza kopo la chumvi karibu na mafiga. Anafanya hivyo kila siku na sijawahi kuuliza.

"Mama, kwa nini chumvi inakaa motoni?"

"Ya Ivuna hii? Ukiiacha mbali na moto wakati wa ukungu inatoa jasho. Inalowa yenyewe kama mtu mwenye homa."

Nikajipiga paji la uso kwa mwiko wenye uji. Inalowa yenyewe! Chumvi yangu ilikuwa imekunywa ukungu usiku kucha, ikalowa, ikavuta kamba bila tone hata moja la mvua. Pale kwenye kizuizi nilikuwa nimemweka mzee mwenye kiu.

Nilimsimulia Mwalimu mapumzikoni, huku nimeruka ile sehemu ya dirisha. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akafuta machozi akasema chumvi nitupe, tatizo si mvua, tatizo ni kwamba mvutaji mmoja hatoshi.

"Weka wawili. Wa kwanza anavutwa na mvua, mvua ni dhaifu, sawa. Lakini umeme anaoupitisha huyo usiupeleke kwenye king'ora, upeleke kwenye kamba ya wa pili. Wa pili ndiye afungulie lori."

Niliruka! Mzee dhaifu anamvuta shati kijana mwenye misuli, kijana ndiye anavuta gogo! Hata mvua tupu ingetosha. Shida: ile redio marehemu ilikuwa imebaki na transista zilizopasuka, Mwalimu mwenyewe hakuwa na nyingine, na siku yenyewe ilikuwa tayari Ijumaa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikipitia migombani, nikiwaza nitaitoa wapi. Nilipokaribia uani nikasikia: wiuu. Kimya. Wiuu. Kimya. Wiuu-wiuu.

Nikachungulia. Hakuna mtu nyumbani ila baba mdogo. Ameinama kwenye kichanja, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Anaitemea ndala, ptu! Wiuu! Anaifuta kwa shati, anacheka peke yake kama mtoto aliyepewa soda. Ptu! Wiuu!

"Shikamoo, bamdogo."

Aliruka. Kweli kabisa, miguu yote miwili iliacha ardhi.

"Marahaba. Nilikuwa... naing'oa."

"Kwa mate?"

"We mtoto we."

"Nimwite mama nimweleze unavyoing'oa? Au niwaeleze akina mama kesho shambani, wakiwa wote?"

Akafuta mdomo kwa mkono. "Unataka nini?"

Chini ya kitanda chake kulikuwa na redio kaseti kubwa aliyoinunua enzi za ujana wake akiwa anavusha nguo kutoka ng'ambo, ilikuwa imekufa lakini hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuifuta vumbi. Tuliifungua pamoja uani. Tulipofika ndani, baba mdogo akawa ndiye anayeshika koleo na kuniuliza, "Hii je? Na hii miguu mitatu?" Tulitoa moja nzima. Nikatupa kile kitambaa, nikafuta chumvi yote kwenye ndala kwa maji ya moto, nikaikausha, nikafunga transista ya pili ikiwa inavutwa na ya kwanza. King'ora kikawa kinalia kwa unyonge kidogo, kwa sababu kila transista inakula chake njiani, nikaongeza betri moja, kikarudi na ukali wake. Baba mdogo ndiye aliyedondosha tone la maji ya bati.

WIUU-WIUU!

"Eeeh!" akapiga kelele. "Eeeh! Imesikia mvua tupu!" Tukagongeana mikono, akasahau kwamba aliiita takataka.

Jioni bibi akatonesha maji yake mwenyewe, aliyokinga kwa bakuli lake, hakutuamini. Ikalia. Akaifuta. Akasubiri ukungu wa jioni ushuke, akakaa pale na shali yake, anaisikilizia. Haikulia.

"Kama inadanganya, nitajua nikirudi," akasema, akaingia ndani kupiga pasi gauni.

Jumamosi akaondoka na basi la asubuhi. Akina mama wakaja na vikapu, tukaingia shambani, na mle ndani chini ya miti ya kivuli huoni anga, unaona majani tu na vidole vyako vyekundu. Mimi nilikuwa navuna kwa mkono mmoja, sikio moja limeelekea nyumbani. Kila jogoo akiwika nashtuka. Akina mama walikuwa wameshapata habari ya ile alfajiri, kwa hiyo nilikuwa nataniwa kutoka kila pembe. "Injinia, leo tunafunika au tunafunua?"

Jua likiwa utosini, ikalia.

Wiuu-wiuu-wiuu, kwa mbali, kupitia miti. Vikapu vikaanguka. Aliyeniacha nyuma ni baba mdogo, alipita kama baiskeli iliyokatika breki. Tukafika uani tunahema. Jua linawaka! Anga juu yetu bluu kabisa. Akina mama wakaanza kushika viuno.

"Haya, na leo ukungu uko wapi?" mmoja akauliza.

Nikakimbilia ndala. Juu yake kulikuwa na tone moja. Moja tu, la mviringo, limelala katikati ya zile nyaya, linang'aa.

"Kuku huyo kajisaidia," mama mwingine akasema.

Baba mdogo akaja akainama. Akaligusa kwa kidole, akalamba, mbele ya watu wote.

"Halina chumvi," akasema. "Funikeni!"

"Na jua hili?"

"Nimesema funikeni!"

Tukavuta nailoni, upande sahihi safari hii, tukaweka mawe kwenye kingo. Hatujamaliza kichanja cha mwisho, wingu likachungulia nyuma ya mlima kama mtu aliyefumwa, na mvua ikashuka, ile nene, ya kupiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele palepale kwenye mvua. Mimi nililowa mpaka kwenye mifupa na sikutaka kuingia ndani. Baba mdogo alisimama kando yangu, maji yanamtiririka puani, anawaambia wote, "Si nilisema? Tangu mwanzo nilisema!"

Bibi alirudi jioni. Hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kichanja cha kwanza, akaingiza mkono chini ya nailoni hadi kwenye kiwiko, akauzungusha, akatoa punje, akaivunja kwa jino. Sote tumesimama. Akatafuna. Akaenda kichanja cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho.

"Kavu," akasema.

Alichosema hasa hakikusikika, ilikuwa upepo tu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alikuwa ameiimba yote kule Tunduma, hajabakiza hata ya kusemea.

"Dada yako alikuja?" mama akamuuliza.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo. Akanionyesha kwa vidole viwili, vimebanana, kwamba walisimama hivi, bega kwa bega. Kisha akanivuta sikio langu karibu na mdomo wake. "Natotela," akaninong'oneza, ahsante ya ng'ambo, ameirudisha mbichi kutoka kwa dada yake.

Halafu akalamba kidole, akatazama kushoto, akatazama kulia, vilevile kama mwanawe, akaigusa ile ndala iliyokuwa yake. King'ora kikapaa, wiuu-wiuu, juu kabisa, na bibi akanyoosha mkono mmoja hewani akawa anakiongoza kama mwalimu wa kwaya.

"Sauti ya kwanza," akasema kwa ile sauti yake ya upepo. "Mwezi ujao wanakutana tena. Huyu abaki alinde."

Mdogo wangu akapiga saluti, akauliza gari lake linarudi lini. Nikampigia saluti.